Kitabu cha Mtoto Kinauzwa kwa Nani?

Muuza vitabu vya watoto ana mtihani ambao muuza viatu hana. Kiatu kikibana, mtoto analia palepale dukani. Kitabu kibovu hakibani. Mwalimu mkuu anachagua, mzazi analipa, na msomaji mwenyewe yuko darasani, hajaulizwa kitu.

Nchini Kenya, tangu 2018, serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shule za umma. Afisa mauzo amebaki zaidi na hadithi, vitabu vya marudio na shule za kibinafsi. Na mwisho wa mwezi anadaiwa hesabu. Hapo ndipo majaribu yanapoanza: bahasha kwa anayechagua, hofu kwa anayelipa, eti mwanao ataachwa nyuma.

Wapo watakaosema kitabu kizuri ni kizuri tu, hata kikiuzwa kwa bahasha. Sawa, lakini bahasha haijui kusoma. Kesho itauza kibovu vilevile. Kipimo changu ni hiki: maneno unayomwambia mwalimu, ungeyasema mtoto akiwa amekaa hapo anasikia? Kama ungeona haya, basi hasara ni yake, na yeye hana pa kukirudisha kitabu.