Chai Inapoa Mlangoni

Mke wangu ananijua kwa kandambili. Nikikata kona ya kichochoro tu, yeye jikoni keshaanza kumimina chai. Juzi nilipoketi, alinisogezea kikombe akaguna. "Mwenzangu, siku hizi unaburuta. Toka kona mpaka mlangoni, chai inapoa."

Nilicheka, lakini maneno yale yaliniwasha. Usiku nikatoa kabatini kitabu nilichoachiwa na mwalimu wangu wa Kiarabu, Fiqh al-Lugha cha Abu Mansur al-Tha'alibi, mtu wa Nishapur huko Uajemi, aliyefariki mnamo 1038. (Jina lake linatokana na mbweha, inasemwa alikuwa akishona ngozi zao.) Mle ndani ameipanga miendo ya binadamu kama muuza duka anavyopanga majora ya vitambaa.

Mtoto mchanga anayesota kwa makalio, mwendo wake ni habwi. Akianza kupiga tata, huo ni darajani. Si soko la Unguja, ingawa shina ni lile lile lililotupa daraja na madaraja: hatua juu ya hatua. Kijana anayetembea mabega yakicheza na damu ikichemka, huyo ana khatarani. Anayejiona ana tabakhturi, na hapo Kiswahili hakina haja ya kuazima. Maringo na madaha tunayo ya kutosha na kubaki. Mzee anayekwenda pole pole, hatua zikikaribiana, mwendo wake ni dalifu.

Nikafunga kitabu.

Nilipokifungua tena, nilikutana na neno lililoninyima usingizi: rasafani, mwendo wa mtu aliyefungwa pingu miguuni. Mpaka lugha ipate neno kama hilo, watu walishasimama kando ya njia wakatazama, tena mara nyingi, hadi wakachoka kueleza kwa maneno mengi. Pwani yetu nayo ilitazama. Misafara ilishuka Bagamoyo na watu waliounganishwa kwa minyororo, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873. Tuna kuchechemea, kujikongoja, kupepesuka, kunyata, kujikokota. Kwa yule wa minyororo, mimi mpaka leo natumia sentensi nzima. Labda waliotembea hivyo ndio wangelitunga neno lenyewe, na nani aliwauliza?

Waarabu wa kale hawakuona haya kumwita mtu kwa kiungo chake. Al-Ahnaf bin Qays wa Basra aliitwa hivyo kwa sababu nyayo zake zilipinda kwa ndani. Jina alilopewa na wazazi limefunikwa kabisa na hilo la miguu, ila ustahimilivu wake ndio Waarabu wanaoupigia mfano hadi leo. Nilipenda hapo. Mtu anaweza kwenda upande na bado asikumbukwe kwa kwenda upande.

Hata hivyo mimi si al-Ahnaf. Jana jioni nilipofika kwenye kona nilivuta pumzi, nikainua mguu mmoja mmoja kandambili zisikwaruze sakafu, mabega nikayaachia yacheze: khatarani ya miaka ishirini. Majirani wa barazani walinyamaza nikipita. Nilifika mlangoni nahema, jasho linanitiririka mgongoni.

Ndani kimya. Hakuna birika wala kikombe kilicholia. Kisha sauti ya mke wangu, ile anayowawekea wageni:

"Nani mwenzangu?"