Santuri na Adabu ya Kusikiliza

Santuri ni sahani ya plastiki, aghalabu nyeusi, yenye mfuo mmoja kila upande, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sahani ya inchi 12 kwa kawaida huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mfuo wa upande mmoja wenye muziki wa dakika 20, lau ungenyooshwa, ungefika zaidi ya mita 400. Ncha ya sindano, ambayo mara nyingi ni ya almasi, hupita humo ikitikiswa na kuta mbili za mfuo. Mtikisiko hugeuzwa kuwa umeme, na umeme kuwa sauti. Kampuni ya Columbia iliingiza santuri ya aina hii sokoni mwaka 1948. Ilitamba kwa zaidi ya miongo mitatu, hadi kaseti, kisha CD iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, zilipoisukuma pembeni.

Wengi waliihesabu kuwa imekwisha, lakini imerudi. Mwaka 2020 santuri ziliingiza fedha nyingi kuliko CD nchini Marekani, jambo lililokuwa halijatokea tangu miaka ya 1980. Mwaka 2022 zilizipita hata kwa idadi: takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33. Miongoni mwa wanunuzi wamo vijana waliozaliwa baada ya santuri karibu kutoweka madukani, ambao tayari wana mamilioni ya nyimbo kwenye simu zao. Hao hawawezi kusemwa kuwa wanaukumbuka utoto. Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu hata wasiomiliki santuri: mtu anayepata kila wimbo bila taabu anatafuta nini katika chombo kinachomtaabisha?

Jibu linalotolewa kwanza ni sauti. Wapenzi wa santuri husema sauti yake ni laini, imeshiba, na iko karibu zaidi na ile iliyopigwa studio. Vipimo haviungi mkono dai hilo la ukaribu. CD huhifadhi tofauti kubwa zaidi kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Santuri huongeza mikwaruzo na vumbi, na kadiri sindano inavyosogea katikati, mwendo wa mfuo chini yake hupungua kutoka sentimita 50 hivi kwa sekunde hadi karibu 20, na sauti nyembamba huanza kufifia. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya Marekani, iliyosifiwa kwa santuri zilizodhaniwa kutoka moja kwa moja kwenye kanda za asili, ilikuwa ikipitisha muziki katika hatua ya kidijitali kwa miaka kadhaa. Wasikilizaji waliojivunia masikio makini hawakuwa wametambua. Mtu ana haki ya kuipenda sauti ya santuri, lakini hawezi kuusimamisha upendo huo juu ya madai kwamba ndiyo sauti ya kweli zaidi.

Jibu la pili ni uasili: santuri ni kitu halisi, chenye uzito, jalada na umri. Hapa historia inaleta fumbo. Mwaka 1906 mtunzi wa Marekani John Philip Sousa aliandika kuulaani muziki wa mashine, akihofia kwamba watu wangeacha kuimba na kupiga ala wenyewe. Miaka thelathini baadaye mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin alieleza kwamba kazi ya sanaa inaponakiliwa kwa mashine hupoteza ile haiba inayotokana na kuwepo kwake mahali pamoja na wakati mmoja tu. Kwa hoja hizo, santuri ilikuwa ndiyo mshtakiwa. Leo inasifiwa kwa sifa ileile iliyotuhumiwa kuiua. Maana yake ni kwamba uasili haumo ndani ya chombo chenyewe. Sahani haijabadilika kimsingi, kilichobadilika ni kile inacholinganishwa nacho.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu, na Kiswahili kinalibeba katika maneno mawili. Kusikia humpata mtu: husikia ngurumo, husikia njaa, husikia baridi, bila kukusudia. Kusikiliza ni tendo: mtu hutega sikio, hutoa muda wake, huacha jingine. Muziki wa simu, unaoendelea wenyewe kutoka wimbo hadi wimbo wakati mtu anapika au yumo kwenye daladala, unaelekea upande wa kusikia. Santuri inadai kusikiliza. Msikilizaji huichomoa kwenye jalada kwa kushika ukingo ili vidole visiguse mfuo, huifuta vumbi, huiweka juu ya mashine na kushusha sindano taratibu. Baada ya dakika ishirini na kitu muziki hukatika, naye hana budi kuinuka na kuigeuza. Hawezi kuruka wimbo kwa kugusa kioo. Zaidi ya hayo, kila sindano inapopita, mfuo huliwa kidogo. Muziki huo una gharama, na gharama humfanya mtu akae nao.

Wanachuoni wa kale waliwahi kulitafakari suala hili bila kuiona mashine yoyote. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya utungo wake mkubwa, Ihyaa Ulum ad-Din, kuzungumzia samaa, yaani kusikiliza nyimbo na mashairi, na hali zinazoufika moyo. Hakuruhusu kila kitu. Baadhi ya ala alizikataza. Lakini aliona kwamba samaa haitii moyoni kisichokuwamo, bali huamsha kilichomo. Kwa hiyo aliweka adabu: moyo uhudhurie, mtu asigeukegeuke, asichungulie nyuso za wenziwe. Alinukuu pia kauli ya Sufi Junayd wa Baghdad kwamba samaa huhitaji mambo matatu: wakati, mahali na wenzi.

Santuri hutimiza mawili ya kwanza karibu kwa lazima. Inamfunga msikilizaji mahali, kwa kuwa mashine haitembei naye. Na inamwonyesha wakati: macho huiona sindano ikisogea kutoka ukingoni kuingia ndani, sehemu iliyopigwa ikipanuka na iliyobaki ikipungua. Askofu Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, alitumia zaburi inayokaririwa kuueleza wakati kwa namna hiyo: kinachotarajiwa hupungua, kinachokumbukwa huongezeka, na nafsi hutanuka kati ya viwili hivyo.

Pingamizi kubwa ni kwamba wengi hununua santuri bila kuzisikiliza. Taarifa ya kampuni ya takwimu za muziki Luminate, iliyotolewa mwaka 2023, ilionyesha kuwa nusu tu ya wanunuzi nchini Marekani walikuwa na mashine ya kuzichezea. Sahani inayokaa rafuni kama pambo haimfundishi mtu adabu yoyote, na plastiki yake inaendelea kuwa plastiki, mzigo kwa dunia. Kinyume chake, mtu anayefunga mlango, akaweka simu mbali na kusikiliza faili la kidijitali mwanzo hadi mwisho, ametimiza yote yaliyotafutwa. Santuri basi ni msaada wa umakini, si chanzo chake. Mwenye utashi wa kutosha haihitaji. Lakini wengi hawana utashi huo kila siku, na chombo chenye masharti huwabeba pale wanapochoka.

Sharti la tatu, la wenzi, ndilo linalosahauliwa zaidi, ingawa zamani lilitimizwa kwa sababu ya uhaba. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zake zilirudi katika pwani ambako wachache walimiliki gramafoni, na wengi walimsikiliza wakiwa wamekusanyika mikahawani na barazani. Japani nayo ilizaa mikahawa ya jazi: santuri za kigeni zilikuwa ghali, hivyo mtu alinunua kikombe cha kahawa na kukaa pamoja na wasiomjua, wote wakisikiliza, na katika mikahawa mingi mazungumzo yalikatazwa. Mtu mmoja aliweka sindano kwa niaba ya wote. Anayeirudia santuri akiwa peke yake amepata wakati na mahali. Akimwita jirani waketi pamoja upande mmoja mzima, amelikamilisha na la tatu.