Kwako Uliyekaa Mapokezi

Mwanangu, nimekaa mapokezi miaka mingi, kwanza hotelini, kisha zahanati. Sasa niko upande wa pili wa kaunta, nasubiri zamu kama wengine, na ninayoyaona huku yananiudhi.

Inua uso. Wiki iliyopita nilimsalimu binti mmoja mara mbili. Akaninyooshea kidole kwenye benchi, macho yakiwa kwenye simu yake. "Subiri." Nisubiri nini? Mpaka lini? Niambie daktari ana wagonjwa watatu mbele yangu, nitakaa nitulie. Mara akaingia bwana mwenye tai, binti yule yule akasimama wima, "Karibu sana, bosi!" Mimi nilikuwa na kandambili zangu. Aliyekufundisha kupima heshima kwa viatu alikupoteza. Mtu akikuzidi umri, shikamoo ikutoke wewe kwanza.

Manukato, kidogo. Jojo, usitafune kabisa.

Simu ikilia, taja ofisi, salimu, kisha ujitaje. "Haloo, nani?" iache nyumbani. Na saa uziangalie sana. Mgeni wa ng'ambo akiandika anafika 10:00 asubuhi, kwetu ni saa nne. Mrudie, uhakikishe. Mimi niliwahi kuisoma saa kumi, mgeni wa watu akakaa uwanja wa ndege saa sita nzima akimngoja dereva. Nililia siku ile, na nilistahili.

Mkubwa wako akikutuma useme hayupo, huku kicheko chake kinasikika mlangoni, usijivunjie heshima. Sema hapokei wageni kwa sasa, upange siku nyingine.

La siri sitabembeleza. Unasimama katikati ya ukumbi unapaza sauti, "Nani wa kipimo cha mimba?" Hujui jirani yake ameketi pale? Msogelee, umnong'oneze. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini bibi zetu hawakuhitaji sheria kujua kwamba ya mgonjwa hayatangazwi. Mdomo ukikuwasha, omba uhamishiwe stoo, ukazungumze na maboksi.

Halafu hilo daftari la wageni! Mnaliacha wazi kaunta kutwa nzima: jina, namba ya simu, anakwenda kumwona nani. Mpwa wangu alisaini asubuhi katika ofisi moja. Jioni mwanamume asiyemjua anamtumia ujumbe, anamwita mrembo, anataka wakutane. Namba aliitoa wapi? Alikuwa ameandika jina lake mstari mmoja tu chini ya wa mpwa wangu. Nilipokwenda kulalamika nikajibiwa, "Mama, ndio utaratibu wetu." Utaratibu gani huo wa kugawa namba za watoto wa watu?

Kesho ukifika kazini, kabla hujawasha kompyuta, lifunge hilo daftari uliweke upande wako. Mgeni akija, mwulize kwa sauti ya chini, uandike wewe.