Mwana Hukoma Lini Kuwa Mwana?

Barua niliyoletewa niifasiri ilikuwa na sentensi tatu na muhuri wa kijiji. Ilithibitisha kwamba mwenye kuichukua, kijana wa Idodi mkoani Iringa, ni mtoto wa mama fulani aishiye Marekani. Kijana ana miaka 26, na kazi yake ni ujenzi hapa kisiwani. Nilikwama kwenye neno "mtoto".

Kwetu neno hili halina umri. Mzee mwenye mvi, mama yake akiwa hai, bado huulizwa kama amekula. Sheria ya uhamiaji ya Marekani yasema vingine: mtoto ni yule asiyetimiza miaka 21 wala hajaingia katika ndoa. Akivuka hapo hupewa jina jingine. Kwa sheria yao ya mwaka 2000, aliye chini ya miaka 18, akaaye huko na mzazi wake kwa ukaazi wa kudumu, huwa raia mara mzazi anapokuwa raia. Kwa ile ya 2002, mzazi aliyemwombea mwanawe akila kiapo mwana angali chini ya miaka 21, umri wa mwana huhesabiwa kuwa umesimama siku ile. Nduguye aliyetimiza 21 jana yake huhamishwa foleni tu, na foleni yenyewe ni ya miaka mingi.

Mpaka wa umri naukubali shingo upande. Sheria haina budi kuchora mstari mahali, na aliyeachwa nje daima ataona amekomolewa. Kinachonikera ni ndoa. Mama akiwa mkaazi wa kudumu tu, mwanawe akioa, ombi hufa pale pale. Akioa baada ya mama kuwa raia, ombi hubaki hai; foleni huwa ndefu zaidi, ila hapo mke naye huandamana na mumewe.

"Mama anasema nisubiri," kijana aliniambia. "Na posa, mzee, imekwishapokewa."

Kwa nini basi mama asiape kwanza? Kwa sababu, kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima ajitakiaye uraia wa nchi nyingine huupoteza wa huku. Atafika Idodi, alikozikwa kitovu chake, na pasipoti ya kigeni mkononi. Analolikwepa si dogo, nami simcheki.

Lakini wapo watatu katika jambo hili, si wawili. Yuko msichana ambaye jina lake halimo katika fomu hata moja, na ndiye alipaye kwa miaka yake ili mama asiape na mwana asipoteze nafasi. Mama na mwana wana haki ya kujinyima kwa ajili ya wenzao. Hawana haki ya kumnyima mtu wa tatu asiyeulizwa. Nilimwambia kijana amwulize yule binti kwanza, ndipo amjibu mama. Aliinamisha uso. Nadhani hakuwa amelifikiria.

Katika tafsiri sikuandika "mtoto". Niliandika neno la Kiingereza la mwana wa kiume, maana ndilo litakalotambuliwa kule. Aliipokea karatasi, akaisoma polepole, akaniuliza mbona neno la mwenyekiti wa kijiji nimelibadilisha.