Fidia ya "Nge"

Swali lenyewe ni hili, na naliweka mlangoni ili asiyelipenda asipoteze muda wake: mtu akikutia hasara kwa jambo lililowafaa watu wengi, halafu akasema kwamba angeweza kukulipa, je, haki imetendeka? Sikusema amekulipa. Nimesema angeweza.

Ndugu msomaji, usidhani nakutegea kitendawili. Hili ni somo, lina mtihani na lina alama. Nalisoma ughaibuni, katika shahada ya uzamili ya uchumi wa kimataifa na biashara inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo viwili vya nchi mbili: mwaka wa kwanza mjini Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, na wa pili Göttingen, Ujerumani. Maana yake unatafuta chumba mara mbili, unafuatilia kibali cha kuishi mara mbili, na unazoea ukimya wa abiria wa basi mara mbili. Washikaji wa Mtwara, nilikotoka, wanaamini majuu ni theluji na kubeba maboksi. Groningen theluji ni ya kubahatisha. Kilichopo ni upepo, mvua ya kuudhi, na baiskeli nyingi kuliko zote nilizowahi kuziona.

Turudi darasani. Ukianza uchumi wa kimataifa, wa kwanza kukutana naye ni David Ricardo, Mwingereza aliyeandika mwaka 1817 kwamba Uingereza ikifuma nguo na Ureno ikatengeneza mvinyo, kisha zikabadilishana, zote mbili zitapata zaidi, hata kama Ureno inaweza kuzifanya kazi zote mbili kwa jasho dogo kuliko mwenzake. Ni hoja tamu. Siku ya kwanza unatoka darasani unaiona dunia nzima kama soko la watu wenye akili. Siku ya pili unajiuliza: na yule mfumaji wa nguo kule Ureno, yeye atakula nini?

Hapo ndipo wanapoingia Nicholas Kaldor na John Hicks, wote wawili kwa maandishi ya mwaka 1939. Wanasema hivi: jambo likileta faida kwa wengine na hasara kwa wengine, tazama kama waliofaidika wangeweza kuwafidia waliopata hasara na bado wakabaki na ziada. Kama wangeweza, basi jambo hilo limeongeza utajiri, na mchumi anaweza kulipitisha. Je, fidia yenyewe itolewe? Kaldor alilijibu hilo kwa mfano wa sheria za nafaka za Uingereza, zilizofutwa mwaka 1846 ili nafaka ya nje iingie. Wenye mashamba walionekana watapoteza na wananchi wengine wangepata. Kama wenye mashamba walipwe au wasilipwe, alisema, hilo ni suala la siasa, mchumi kama mchumi hana la kusema.

Hebu ninyi mnaoandika mniambie. Mnajua kazi ya "nge" kuliko mimi. Mtu akisema "ningekuwa na nauli ningekuja", huhitaji kumwuliza kama yuko njiani. Nauli hakuna, na kuja hakuna. Kiambishi kidogo, herufi tatu, lakini kinafuta sentensi nzima huku kikiiacha imesimama palepale ikipendeza. Kwa Kiingereza, ambacho ndicho tunachofundishiwa, hoja ya Kaldor hupita laini kama mlenda. Mimi niliitafsiri pembeni ya daftari, "wenye faida wangewalipa wenye hasara", nikaisoma kwa sauti ndogo, na ndipo ikanikwama kooni.

Si mimi wa kwanza kukwama. Amartya Sen, Mhindi aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, alikwishaonyesha kwamba kipimo hiki kina shida pande zote. Fidia ikitolewa kweli, kipimo hakihitajiki, maana hakuna aliyeumia. Isipotolewa, unamwambia nini aliyeumia? Kwamba kuna mtu ana uwezo wa kumlipa? Anajua! Ndiyo maana ana hasira.

Sasa, bahati (au mkosi) ya kulisoma somo hili Groningen ni kwamba ukitoka nje ya mji kwa baiskeli unakuta mfano wake umesimama barabarani. Mwaka 1959, karibu na kijiji cha Slochteren, waligundua gesi asilia, na likawa eneo kubwa kuliko yote ya gesi Ulaya Magharibi. Serikali ya Uholanzi ilivuna humo takriban euro bilioni 363 kwa miaka yote ya uchimbaji. Ni gesi hiyohiyo iliyofanya gazeti la The Economist mwaka 1977 libuni jina "ugonjwa wa Kiholanzi": nchi inauza gesi nje, sarafu yake inapanda, bidhaa za viwanda vyake zinakuwa ghali kwa wanunuzi wa nje, viwanda vinadhoofika. Kila mwanafunzi wa uchumi anakariri ugonjwa huo. Ni wachache wanaoambiwa kuhusu nyufa.

Ukiitoa gesi chini, ardhi hushuka, na ikishuka hutetemeka. Tarehe 16 Agosti 2012 lilipita tetemeko la 3.6 kwenye kijiji cha Huizinge. Kwa kipimo cha dunia ni dogo. Kwa nyumba za matofali za watu ambao hawakuwahi kujenga kwa kufikiria matetemeko, si dogo. Mapema mwaka 2013 wakaguzi wa migodi wa serikali wakashauri uchimbaji upunguzwe haraka. Mwaka huohuo ukaongezwa. Nimeziona nyumba zilizoegemezwa magogo ubavuni kama mzee na mkongojo wake. Kwa miaka mingi wenye nyumba walitakiwa kuthibitisha kwamba ufa ule umeletwa na gesi na si na uzee wa ukuta. Mtaalamu wa huku anasema hivi, wa kule anasema vile, na mvua inaingia. Uchimbaji ulisimama Oktoba 2023, na mwaka 2024 ukafungwa kwa sheria.

Februari 2023 tume ya uchunguzi ya Bunge lao ilitoa ripoti ambayo jina lake, kwa Kiswahili, ni Wagroningen Juu ya Gesi. Nimelipenda jina hilo kwa kuwa linafanya kazi mbili hata kwetu: watu wanaoishi juu ya gesi, na watu waliopaswa kuwekwa juu ya gesi. Ripoti ilisema wazi kwamba maslahi yao yalipuuzwa, na kwamba nchi ina deni la heshima kwao. Deni, nasisitiza. Haikusema msaada.

Msomaji wa Mtwara ameshaniwahi, najua. Mwaka 2013! Mwaka ule mimi nilikuwa kidato cha pili. Januari fujo zilizuka Mtwara na Masasi, na Mei zikarudi kwa nguvu zaidi baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni na ikawa wazi kwamba bomba la kwenda Dar es Salaam litajengwa. "Gesi haitoki" ndiyo ilikuwa salamu ya mtaani. Ofisi na nyumba zilichomwa, watu walikufa, wanajeshi waliletwa. Sisi tulikaa ndani, mlango umekomewa, tukila ugali na chai ya rangi kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda sokoni. Bomba lilijengwa, na Oktoba 2015 likazinduliwa. Gesi ilitoka.

Nilipomsimulia mwalimu wetu haya, mtu mpole anayesikiliza kwa kuinamisha kichwa, aliniuliza swali ambalo bado naliheshimu. Kama gesi ni ya Mtwara peke yake, dhahabu ni ya nani? Na maji ya mito inayozalisha umeme? Kama kila jambo lisubiri mpaka wa mwisho aliyeumia alipwe na aridhike, nani atawahi kuchimba hata kisima? Ni kweli. Nchi ambayo kila kijiji kinakalia chake si nchi, na sisi Watanzania tumelelewa kuamini hivyo, nami naamini bado. Shule niliyosoma haikujengwa kwa korosho za Mtwara tu.

Lakini jibu lile linajibu swali jingine. Watu wengi niliowasikia mwaka ule hawakuwa wakisema gesi iozee chini. Walikuwa wakiuliza hesabu: sisi tutapata nini, lini, na nani ataiandika? Walijibiwa kwa wakati ujao, kwamba viwanda vitakuja, na ajira zitakuwepo. Kiwanda cha saruji kilikuja, tusiwe wachoyo wa kusema. Hata hivyo ahadi ambayo mtoaji ndiye anayechagua siku, kiasi, na kama imetimia, hiyo ni zawadi iliyovaa koti la deni. Sheria yetu wenyewe ya ardhi ya mwaka 1999 inajua tofauti hii. Inapozungumzia kuchukua ardhi ya mtu inataka fidia kamili, ya haki, na inayolipwa mapema. Hakuna "nge" mle. Ila ufa wa ukutani Huizinge, au miaka ya kijana wa Mtwara anayetazama bomba likipita, hivyo havina hati miliki.

Haya yote ningeyaacha darasani kama yasingeingia nyumbani kwetu.

Ufadhili wangu unalipia ada na chakula. Haukulipia nauli, viza, wala amana ya chumba. Kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, na neno kubwa ni la mjomba. Mjomba akaitisha kikao. Tuna shamba la mikorosho upande wa Newala, na anayelipalilia na kulipulizia dawa ni dada yangu mkubwa. Ikaamuliwa mavuno ya misimu mitatu yauzwe mapema, yakiwa bado maua, kwa kangomba, yaani ile biashara ya pembeni ambayo mnunuzi huja na bei yake na kipimo chake. Dada alikuwa na mpango wa kununua cherehani ya pili na kukodi kibanda sokoni. Mjomba alisema maneno ambayo Kaldor angeyatia saini: huyu akisoma, atatuinua sote. Dada akasema, "Sawa mjomba." Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyedanganywa, hakuna aliyelazimishwa, na kwa kipimo chochote cha jumla, ukoo umepata.

Tangu nifike huku natuma chochote ninachopata kwa kuosha vyombo jioni kwenye mgahawa mmoja. Siku moja nilimpigia dada kuuliza kama pesa imefika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Imefika, ahsante sana. Ila nikuulize. Hii umenipa, au umenilipa?"

Nilikuwa Göttingen wakati huo, ghorofa ya tatu, nikiandika tasnifu kuhusu fidia. Nikamwambia yote ni sawa. Akacheka. "Si sawa. Ukinipa, nakushukuru. Ukinilipa, tunahesabiana."

Nimesoma vitabu vingi miaka hii miwili, na vipo vizuri, lakini sijaona mahali ambapo jambo hili limesemwa kwa maneno machache hivyo. Anayepewa anabaki chini ya aliyempa, na kila shilingi inamshusha kidogo. Anayelipwa anasimama sawa na anayemlipa. Kiasi kinaweza kuwa kilekile, hata noti zilezile. Kinachobadilika ni nani ana haki ya kusema "bado".

Basi tukaanza kuhesabu, na hapo "nge" ikanirudia kwa mlango wa nyuma. Misimu mitatu, hilo halina ubishi. Kilo ngapi? Tukakadiria. Kwa bei ipi? Mjomba anasema bei ya kangomba, kwa kuwa ndiyo fedha iliyoingia mkononi na kunipandisha ndege. Dada anasema bei ya mnada wa chama cha ushirika, kwa kuwa huko ndiko angeuza. Angeuza! Nilidhani nimempata adui, kumbe hasara yenyewe imetengenezwa kwa "nge". Huwezi kujua mtu amepoteza nini mpaka uyakubali maisha ambayo hakuyaishi: cherehani ya pili, kibanda, wateja wa Idi. Wachumi hutumia "nge" kumfariji mwenye faida. Dada anaitumia kudai. Sijui kama kuna kanuni ya kuamua ipi ni halali, ila naona kwamba moja hufunga mazungumzo na nyingine huyafungua.

Nimemwambia mjomba kwamba mimi naona bei ya mnada. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama huko kwenye masomo yangu nimefundishwa kumtoza riba na yeye, maana kuna mbuzi wawili waliuzwa ambao hakuna aliyewataja. Kikao kimepangwa mwezi wa nane, nikishatetea tasnifu na kurudi. Dada amesema daftari atakuja nalo yeye.