Madoa Katika Picha ya Kichwa



Siku ya ubatizo Padri atawauliza kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote. Kujibu ni rahisi. Leo nitawaeleza jinsi jibu hilo linavyopimwa nyumbani, siku ya hofu.

Kijana mmoja wa ukoo niujuao alianguka shambani. Mwili ukatetemeka, povu likamtoka kinywani. Ndugu zake wakampeleka Lubumbashi, naye akalazwa ndani ya mashine kubwa iitwayo kwa Kifaransa IRM, akapigwa picha ya ubongo. Katika picha ile yalionekana madoa manne. Kabla hawajaonana na daktari, habari ilikuwa imekwisha kufika kijijini. Jioni ukoo ukakaa, na baba mdogo akasema: "Madoa haya ni kazi ya walozi." Macho yote yakamgeukia binti yatima wa miaka 9 aliyelelewa nyumbani humo. Usiku ule mtoto alilala nje, karibu na jiko.

Mimi nilikuwapo. Naungama mbele yenu ya kuwa nilinyamaza, kwa sababu niliwaogopa wazee.

Basi, madoa ni nini? Mashine ile haioni ulozi, wala dhambi, wala mawazo ya mtu. Ina sumaku yenye nguvu sana na mawimbi kama yale ya redio. Maji yaliyomo mwilini huyaitikia mawimbi hayo, na kompyuta hugeuza itikio hilo kuwa picha. Mahali palipobadilika huonekana peupe au peusi kuliko penginepo. Hilo ndilo doa.

Doa ni kama moshi uuonao mbali porini. Moshi wakuambia ya kuwa kitu kinaungua, lakini haukuambii ni kitu gani. Labda ni tanuru la makala, labda mtu anasafisha shamba, labda nyumba inateketea. Mwenye akili huenda kutazama kwanza. Vivyo hivyo doa la ubongo laweza kuwa kovu la jeraha la zamani. Kwa wazee, laweza kuwa alama ya mishipa midogo iliyoharibiwa na shinikizo la damu. Laweza kuwa kifua kikuu kilichofika kichwani, au uvimbe, au mnyoo. Na mara nyingine ni alama isiyo na madhara, iliyoonekana kwa bahati tu. Ndiyo maana daktari haamui kwa picha peke yake: humwuliza mgonjwa habari zake, humpima mwili na damu, na pengine hurudia picha baada ya miezi.

Daktari aliuliza: "Kwenu mnafuga nguruwe? Huzurura ovyo? Mna choo?" Kisha akaeleza: ni mtoto wa mnyoo tegu. Mtu alaye nyama ya nguruwe yenye ugonjwa, isiyoiva vema, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo kikubwa. Yakifika mikononi, au katika maji na mboga, mtu mwingine huyameza. Nayo yakiisha kuanguliwa, watoto wa mnyoo huweza kufika hata ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe aweza kuugua. Dawa zipo, lakini msinunue dawa ya minyoo sokoni kwa ugonjwa huo, maana mnyoo ukifa ubongo waweza kuvimba. Daktari ndiye apangaye dawa na wakati wake.

Tazameni sasa, ndugu zangu! Minyoo ilikuwa kichwani mwa kijana, na adhabu ilikuwa juu ya mtoto asiye na baba wala mama.

Katika Injili ya Yohane, wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu aliwakatalia kabisa: si yeye, wala wazazi wake. Hakumtafuta wa kulaumiwa, bali alimponya. Naye Yoshua bin Sira afundisha ya kuwa daktari na dawa ni vipaji vya Mungu. Hata sheria ya nchi yetu inakubali: Katiba ya mwaka 2006 inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto inaadhibu kosa hilo.

Kulipopambazuka nilikwenda jikoni, nikamwomba mtoto yule msamaha, nikamrudisha ndani mbele ya wazee. Baba mdogo hakunisalimu miezi miwili. Kijana anakunywa dawa zake. Ukoo umechimba choo, na nguruwe wamefungiwa zizini.

Nanyi, wapenzi, shikeni maazimio haya. Mkisikia neno "madoa", mwulizeni daktari maana yake, msimwulize mpiga ramli. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula na mtokapo chooni. Aangukaye kwa kifafa msimkimbie, kwa maana kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa. Na mtoto akishtakiwa mbele yenu, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Ee Yesu, uliyewapokea wadogo, utuondolee woga wetu. Amina.