Kiu ya Mbwa na Hisabu ya Mwenye Mbwa

Ndugu yetu mmoja akaaye ng'ambo ya Likoni, mwenye mbuzi kidogo na mbwa wa kuwalinda, ametuletea swali ambalo baadhi ya waliolisikia darasani walicheka. Asema mbwa wake, aliye naye mwaka wa saba sasa, ameshikwa na kiu ya ghafla. Alikuwa akinywa bakuli moja kutwa. Sasa humaliza ndoo, na usiku hulia mlangoni kutaka mengine, na mkojo haumpi nafasi. Maji yenyewe ni ya kununuliwa kwa vidumu. Jirani mmoja amemwambia amwondolee maji, na mkojo utakoma. Wa pili amesema hicho ni kichaa, apigwe afe kabla hajauma watu. Wa tatu amemwelekeza kwa mganga. Na wa nne, mtu mwema katika watu wa msikiti, amemkemea: Mwislamu gani akosaye usingizi kwa ajili ya najisi, na mjini mna mayatima? Basi auliza: je, wasiwasi huu ni aibu katika dini yangu?

Tuanze na huyu wa nne, kwa kuwa maneno yake ndiyo yenye sura ya dini. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja yao kwa mchanga. Hilo hatuligeuzi. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Malik humhisabu mbwa aliye hai kuwa tohara, nao si watu wa mzaha katika dini. Lakini hata kwetu sisi, najisi ni hukumu ya kuosha. Yamfundisha mtu la kufanya kwa nguo yake na chombo chake. Haimfundishi kuwa kiumbe yule hana haki. Damu ya binadamu nayo ni najisi, wala hatujamsikia mwanachuoni aliyesema kuwa majeruhi aachwe njiani kwa sababu hiyo. Sisi watu wa pwani tumeyachanganya haya mawili tangu utotoni, mpaka mtoto amtupiaye mbwa jiwe akipita zake huonekana kama aliyelinda udhu wake.

Ama kufuga mbwa kwa pambo tu, hadithi sahihi zimetaja kuwa humpunguzia mtu thawabu kila siku. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametolewa katika katazo hilo, na wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu wamemkisia pamoja nao mbwa wa kulinda nyumba. Muulizaji wetu yumo katika ruhusa. Na ikiwa moyo wake umemwelekea mnyama aliyemlindia mbuzi miaka saba, hatujui aya wala hadithi iliyomharimishia hilo.

Tena kuna jambo katika vitabu vya fikihi ambalo husomwa haraka katika mlango wa kutayamamu, na wanafunzi hulipita. Mtu akiwa na maji ya kumtosha udhu tu, na kando yake pana mnyama mwenye heshima ya kisheria anayeyahitaji kwa kiu, maji ni ya mnyama, na mtu hupiga mchanga akasali. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277), ameyataja haya ya kiu katika sababu za kutayamamu. Walioondolewa heshima hiyo ni kama mbwa mkali aumaye watu. Mbwa wa manufaa hakuondolewa. Tazama basi: sala ni nguzo ya dini, na udhu ni sharti yake, nayo sheria imeuweka udhu kando kwa ajili ya koo la mnyama ambaye mate yake yangaliyatia najisi maji ya udhu huo. Mwenye kucheka darasani na acheke baada ya kulifahamu hili.

Naye Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijria (1262), alipoandika juu ya haki za wanyama kwa wenyewe, alisema mwenye mnyama humlisha na kumgharimia hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiotarajiwa kuondoka na kumrudishia manufaa. Maneno haya yalitoka katika mji wenye masoko na ngamia wa mizigo, ambako mnyama mbovu ni hasara iliyo wazi.

Hadithi ya yule msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza khofu yake maji na kuishika kwa meno akipanda, ili ampe mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, kila mtu aijua, na kwamba Mwenyezi Mungu alimsamehe. Mimi huangalia namna alivyoijua ile kiu: aliijua kwa kuwa imemtoka yeye kooni muda si mrefu. Lakini kiu ya kisimani iliisha kwa khofu moja. Hii ya Likoni haiishi kwa ndoo. Mbwa aombaye maji, akapewa, akaomba tena, ameeleza ugonjwa kwa lugha pekee aliyo nayo, na mwenyewe ajuaye kawaida yake ndiye msikilizaji wa pekee. Hapa kutia maji bakulini na kurudi kulala hakutoshi. Imepasa kuuliza wajuao.

Na wajuao, yaani madaktari wa mifugo, husema hivi. Mbwa wa kilo 20 hunywa yapata lita moja kwa siku, na akipita lita 2, bila ya joto kali wala mbio, amezidi mpaka. Mara nyingi mkojo ndio unaotangulia na kiu ikafuata: figo zimedhoofika haziwezi kuyazuia maji, au sukari imezidi damuni na kuyavuta. Huenda likawa ini, au, akiwa ni jike, usaha katika fuko la uzazi majuma machache baada ya kupita joto lake, na huo huua upesi. Huenda ikawa maradhi ya mkojo wa panya, ambayo humpata na mtu pia. Basi shauri la jirani wa kwanza ni baya kuliko yote. Kumnyima maji mbwa wa namna hii ni kumkausha hali mkojo unaendelea kumtoka, na aweza kufa.

Kichaa cha mbwa hakijulikani kwa kunywa sana. Mwenye kichaa mara nyingi humwona ashindwa kumeza, mate yamtoka, na tabia imegeuka. Huyo ni wa kuogopwa kweli, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji ya kupita muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ama mganga, twasikia huandika hirizi zenye aya za Kurani akazifunga shingoni mwa mnyama. Ajabu ya watu wanaomwogopa mbwa kwa najisi yake, kisha wakamvika maneno ya Mola wao!

Wabaki mayatima. Haki yao yatangulia, na chakula cha watoto wa nyumbani chatangulia, wala hatumwambii mtu akope ili amtibu mbwa. Asipoweza, atafute mwenye kuweza amkabidhi, wala asimfukuze njiani mgonjwa hivi. Lakini fedha hii haikutoka katika mfuko wa yatima. Mwenye kukemea aulizwe ametoa nini mwezi huu, na mirungi na soda zimekula kiasi gani. Hajapata mtu kusimama barazani akizikemea hizo kwa jina la yatima.

Muulizaji na atie maji kwa chupa ya lita moja, ahisabu anayotia na yanayobaki tangu alfajiri hata alfajiri, aandike. Akinge mkojo wa asubuhi katika chupa safi, ampelekee daktari pamoja na mbwa, kwani kipimo cha mkojo na cha damu huonyesha mengi. Amweleze lini ilianza, kama ale au hali, na kama amekonda. Mkono ukiingia mkojo, auoshe kwanza kwa sabuni kwa ajili ya maradhi, kisha mara saba, moja kwa mchanga, naye hana neno juu yake.